Masizi ya Downing Street

Nyumba ya marehemu babu yangu iko nje kidogo ya mji wa Iringa. Ni ya matofali ya kuchoma, haina lipu, ya zamani kuliko baba. Wazee wanasema siku za mwanzo iling'aa kwa wekundu. Mimi nimeikuta ya kahawia, na upande wa jikoni nyeusi kabisa, maana moshi wa kuni wa miaka yote hiyo ulikuwa unatokea hapo hapo chini ya paa.

Babu alipofariki, wanawe wakagombana. Sitaeleza yote, mambo ya urithi kila mtu anayo ya kwao. Itoshe kusema Baba Mdogo alileta fundi, wakatoboa ukuta wa mbele, akaweka mlango wake ili asipite sebuleni kwetu. Miaka minne salamu zilikuwa za kulazimishana. Halafu wakapatana, na walipatana msibani kama ilivyo desturi yetu, na mlango ule ukazibwa kwa matofali mapya.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Matofali mapya yalikuwa mekundu kama nyanya. Ukuta mzima kahawia, halafu katikati limesimama umbo la mlango, jekundu, unaliona tangu barabarani. Kila mgeni alikuwa na swali lile lile: "Kwani hapa palikuwa na nini?" Mama akachoka kujibu. Siku moja akamwita fundi, akamwambia, "Baba, hebu nifichie hiki kitu." Fundi akanituma jikoni nikakwangue masizi ukutani na chini ya masufuria. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona hiyo ni kazi ya heshima. Tukakoroga masizi na maji kwenye ndoo, akayapaka kwa brashi ya katani, tofali moja moja, akirudi nyuma kila mara kutazama. Jioni mlango ulikuwa umekufa. Mama alifurahi mpaka akamwongezea fundi chai na maandazi.

Mvua ya kwanza ya Desemba iliyashusha yote. Asubuhi tulikuta michirizi myeusi mpaka chini kwenye msingi, na mlango umefufuka, mwekundu vile vile.

Kwa muda mrefu nilijua hii ni hadithi ya kwetu tu. Mpaka tukabishana kijiweni. Taarifa ya habari ilikuwa inamwonyesha Waziri Mkuu wa Uingereza amesimama mbele ya ile nyumba yake, Downing Street namba 10, na jamaa mmoja akauliza: hawa watu wana hela zote zile, mbona ukuta mweusi kama jiko la mama ntilie? Mmoja akasema ni matofali meusi, ndivyo yalivyochomwa. Mwingine akasema si kweli, wamepaka rangi. Wa tatu, ambaye hupenda kuonekana amesoma, akasema ni uchafu wa moshi. Tukawekeana soda. Mimi nikapewa kazi ya kwenda maktaba, kwa kuwa ati ndiye mwandishi.

Kumbe aliyesema uchafu alipatia, na aliyesema rangi alipatia. Na soda ikabidi zinunuliwe mbili.

Ngoja nianze na mwenye jina. George Downing alikulia Marekani, kwenye makoloni ya Waingereza, akawa katika kundi la kwanza kabisa la wahitimu wa Harvard, mwaka 1642. Akarudi Uingereza wakati Bunge na mfalme wanapigana. Akashika upande wa Bunge, akawa mhubiri katika kikosi cha kanali aitwaye John Okey. Mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa, na Okey ni mmoja wa waliotia sahihi hati ya kumuua. Downing akapanda vyeo chini ya Cromwell mpaka akawa balozi Uholanzi. Ufalme uliporudi mwaka 1660, wengi waligeuza maneno yao ili wapone, na siwalaumu sana. Lakini Downing alizidi. Akiwa sasa balozi wa mfalme mpya, mwaka 1662 aliwanasa watu watatu waliokuwa wamekimbilia mji wa Delft, akawasafirisha London wakauawa. Mmoja wao alikuwa Okey, bosi wake wa zamani, aliyempa kazi akiwa kijana.

Huyo ndiye aliyejenga ule mtaa, kati ya 1682 na 1684, na mwaka huo wa 1684 akafa. Zilikuwa nyumba za kupangisha, na alizijenga kama mtu anayetaka hela yake irudi upesi. Udongo ule ni laini, na misingi aliweka mifupi. Winston Churchill, aliyekaa humo karne mbili na nusu baadaye, alilalamika kwamba nyumba ni dhaifu na akamtaja mjenzi wake kwa ubaya. Ila kinachonivutia mimi ni upande wa mbele. Badala ya matofali kupangwa kwa unadhifu, mistari ya mota ilichorwa juu ya ukuta, ili ukitazama udhani matofali yamelingana yote. Yaani ukuta wa namba 10 ulijipodoa tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo tusimtwike Downing peke yake lawama hiyo. Mafundi wa London wa zama zile walikuwa na ujuzi mzima wa kuudanganya ukuta. Matofali hayatoki tanuruni yamefanana. Lililokaa karibu na moto linaiva kupita kiasi, la pembeni linabaki limepauka, mengine yamepinda. Tofali zuri lenye rangi moja lililosuguliwa kingo lilikuwa la tajiri. Kwa hiyo wa chini yake alifanya hivi: alichukua unga wa udongo mwekundu, akauchanganya na gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa, na shabu kidogo, wengine wakitia hata bia iliyochacha, akapaka ukuta mzima ukawa mwekundu mmoja, matofali na mota pamoja. Ukikauka, anachukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, anachora viungo upya, vimenyooka kama vya daftari.

Baadaye wakabuni ujanja mkubwa zaidi. Fundi anakwangua viungo, anaviziba kwa mota aliyoitia rangi ile ile ya tofali mpaka huoni mwisho wa tofali wala mwanzo wa kiungo. Kisha juu yake anabandika ukanda mwembamba wa chokaa nyeupe, upana wake milimita chache tu. Ukisimama mtaani unaona matofali ya kifahari yaliyobanana. Ukisogea na kuweka pua ukutani, unaona tofali limemeguka na mota imejaza pengo. Mimi sijui kama nimkasirikie fundi huyo au nimvulie kofia. Anayeandika hadithi na kuirudia mara sita ili ionekane imetoka mara moja, anajua ninachosema.

Halafu fasheni ikabadilika, na wekundu ukaanza kuonekana ushamba. Mwaka 1756 msanifu Isaac Ware aliandika kitabu kikubwa cha ujenzi ambamo aliyasema vibaya matofali mekundu, kwamba yana ukali kama wa moto na hayapatani na mawe meupe ya madirishani. Watu wenye nafasi wakahamia kwenye tofali la London la rangi ya njano, ambalo kwa mbali lilifanana na jiwe. Namba 10 nayo ilifanyiwa matengenezo makubwa kuanzia 1766, upande wa mbele ukasukwa upya. Wakati huo tayari ilikuwa nyumba ya serikali. Mfalme George wa Pili alitaka kumpa Robert Walpole kama zawadi yake binafsi, Walpole akakubali kwa sharti kwamba iwe ya cheo na siyo yake, akahamia mwaka 1735.

Hilo tofali la njano lina hadithi yake na siwezi kulipita hivi hivi. Udongo wa London ungechomwa peke yake, chuma kilichomo kingeufanya mwekundu kama wa Iringa. Njano inatoka kwenye chaki iliyosagwa na kutiwa kwenye udongo, kwa sababu chokaa ikikutana na chuma ndani ya moto inauzuia wekundu. Na juu ya chaki waliongeza kitu cha tatu, majivu. Kila nyumba ya London ilipika na kuota moto kwa makaa ya mawe, na majivu yake yalizolewa na kupelekwa kwenye viwanja vikubwa vya taka, ambako wanawake walisimama kutwa wamezama mpaka magotini wakiyachekecha. Yaliyochekechwa yaliuzwa kwa wafyatua matofali. Humo ndani mlibaki chembe za makaa ambazo hazijaungua, basi tofali likiwekwa tanuruni linajichoma lenyewe kutoka ndani, na kuni zinaokolewa. Kulikuwa na utajiri mkubwa kwenye majivu hayo, ndiyo maana Charles Dickens alijenga riwaya yake ya mwisho aliyoikamilisha, *Our Mutual Friend*, ya mwaka 1864 na 1865, juu ya urithi wa mtu aliyetajirika kwa malundo ya taka. Urithi tena, mnaona?

Kwa hiyo jiko la Mwingereza liliingia ukutani kwa njia mbili. Majivu yake yalikuwa ndani ya tofali. Moshi wake ulipanda kwa bomba la paani, ukashuka taratibu usiku na mchana, na kukaa juu ya tofali hilo hilo.

Tofali ni kitu chenye vitundu vidogo mno usivyoviona kwa macho. Masizi yenye mafuta ya makaa yakiingia humo hayatoki kwa mvua. Kwenye jiwe la chokaa mambo ni mengine kidogo. Moshi wa makaa una salfa, salfa inakutana na unyevu na chokaa ya jiwe, inageuka kuwa jasi, na jasi hiyo inayakamata masizi na kuwa gamba jeusi. Mahali panapopigwa na mvua gamba linaoshwa na jiwe linabaki jeupe, palipojificha panabaki peusi. Ndiyo maana kwenye picha za zamani kanisa la St Paul's linaonekana kama limepigwa picha likiwa nusu usiku nusu mchana.

Namba 10 ilikuwa ya matofali, kwa hiyo ikawa nyeusi sawasawa. Haikuwa nyeusi kwa siku moja. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema, jamani nyumba imebadilika. Walpole hakuiona nyeusi. Waliofuata waliiona imefifia, waliofuata baada yao wakaiona ya kijivu, na ilipofika karne ya 20, wapiga picha wa magazeti walipoanza kupanga foleni mlangoni, ilikuwa nyeusi kiasi kwamba hakukuwa na mtu hai aliyeikumbuka vingine. Ukaaji wa mkuu wa serikali, mlango mweusi, taa, namba ile yenye sifuri iliyolala upande kidogo, vyote vikaingia vichwani mwa watu pamoja na masizi. Weusi ukawa ndio heshima yenyewe.

Ila moshi haukuwa rangi tu. Tarehe 5 Desemba 1952 hewa ya London iligoma kusogea, baridi kali, kila nyumba inachoma makaa. Kwa siku tano ukungu uliochanganyika na moshi ulilala juu ya mji. Makonda wa mabasi walishuka wakatembea mbele ya basi wameshika mienge. Opera iliyokuwa ikichezwa Sadler's Wells ilikatizwa kwa sababu moshi uliingia ukumbini na watazamaji hawakuiona jukwaa. Wazee na watoto wachanga walikufa kwa vifua. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 4,000 hivi, na watafiti waliokuja baadaye walifikisha hata 12,000. Serikali ilivutavuta miguu, mwishowe mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi, na maeneo ya mji yakaanza kupigwa marufuku kutoa moshi.

Nikitazama picha ya ukuta ule siku hizi, nafikiri kwanza watu hao. Kilichokuwa kwenye matofali ndicho kilichokuwa mapafuni.

Basi ikafika zamu ya Downing Street yenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 nyumba ilikuwa inazama. Magogo makubwa yaliyoibeba tangu zamani yalikuwa yameoza. Waziri Mkuu Harold Macmillan akaunda kamati, kazi ikapewa msanifu Raymond Erith, na mwaka 1960 Macmillan akahama na vitu vyake kwenda Admiralty House, karibu hapo hapo. Mirunda ikasimama, zege likamwagwa chini ya kuta, gharama zikapita mbali makadirio, mafundi wakagoma mara kwa mara. Msanifu mwenyewe hakufurahi jinsi mambo yalivyokwenda.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya mstari kidogo. Angalia miaka hiyo, 1960 mpaka 1963. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Waziri Mkuu wa Uingereza hakuwa anaishi kwenye nyumba yake. Wajumbe wa Kenya na wa Zanzibar walipokuwa Lancaster House mwanzoni mwa 1962, kwenye mikutano ya katiba, nyumba ya mkubwa wao ilikuwa mikononi mwa mafundi, umbali wa kutembea kwa miguu, inachimbwa msingi kwa kuwa magogo yameoza. Sisemi kwamba moja lilisababisha lingine. Nasema tu kwamba historia tuliyosomeshwa haikututajia hiyo mirunda, na mimi kama mwandishi wa hadithi ningeianzia hapo.

Wakati wa kazi hiyo ndipo waliposafisha matofali ya mbele. Na chini ya masizi wakakuta njano.

Jaribu kufikiri uko pale. Nyumba inayojulikana dunia nzima, umeivua koti, na ndani kuna rangi ambayo bibi wa bibi yako ndiye pengine aliiona. Ungefanya nini? Wengi kijiweni walisema wangeiacha njano, ukweli ni ukweli. Waingereza hawakuiacha. Waliyapaka matofali rangi nyeusi, yafanane na yalivyokuwa kabla ya kuoshwa. Mistari ya chokaa kati ya tofali na tofali haikupakwa, ndiyo maana leo inaonekana kwa weupe wake. Masizi yalikuwa yameondolewa kwa jasho na kwa fedha, halafu sura ya masizi ikarudishwa kwa brashi. Na mpaka leo inapakwa upya ikifika wakati wake.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktaba mpaka mhudumu akanitazama. Sasa sicheki sana. Rangi gani ilikuwa ya kweli? Njano ilikuwa ya mafundi wa karne ya 18, nayo iliwekwa kwa ajili ya fasheni, ili tofali lijifanye jiwe. Weusi haukutengenezwa na mtu yeyote, uliletwa na mamilioni ya majiko. Ukiniuliza, weusi ulikuwa na haki kuliko njano. Kosa langu nao ni moja. Rangi ya kopo haina kumbukumbu. Masizi ya kweli yangeweza kuulizwa yametoka wapi, na jibu lingetufikisha Desemba 1952. Rangi ya kopo ukiiuliza inakujibu kwamba ni desturi.

Waamerika nao wana yao. Utawasikia watu wakisema Ikulu ya Washington ilipakwa nyeupe ili kuficha moshi, baada ya Waingereza kuichoma moto Agosti 1814. Ni hadithi tamu, inapendeza kusimulia, ila tarehe zinaikataa. Jiwe lake lilichimbwa Aquia, jimbo la Virginia, na watu waliokuwa watumwa walikuwamo kwenye kazi hiyo. Ni jiwe la mchanga linalonyonya maji, na maji yakiganda wakati wa baridi yanalipasua. Kwa hiyo mwaka 1798, kabla rais yeyote hajalala humo, mafundi walilipaka chokaa kuziba vitundu. Weupe ulitangulia moto kwa miaka 16. Rangi ililetwa kwa sababu ya barafu, halafu ikawa jina.

Wakati Downing Street inapakwa, miji mingine ya Uingereza ilikuwa inaoshwa. St Paul's ilisafishwa miaka ya 1960, na wapo waliolalamika kwamba wameizoea nyeusi. Nyumba za kawaida za London nazo zilibaki na tatizo ambalo mimi nalijua vizuri sana. Mtu ana nyumba ya matofali ya zamani, yameshika masizi, anataka kuongeza chumba au kuziba dirisha. Analeta tofali jipya la njano, linawaka kama taa. Halmashauri za miji mara nyingi huweka sharti kwamba kipya kilingane na cha zamani. Unajua wanafanyaje? Wanachukua masizi, wanakoroga na maji, wanapaka.

Fundi wetu wa Iringa hakuwahi kufika London. Walikutana kwenye ndoo.

Tofauti ni kwamba wao wana kitu cha kuyashikisha, na siku hizi ni kazi yenye mafundi wake maalumu. Hawatumii rangi ya mafuta. Rangi hiyo inaziba vitundu, maji yaliyoko ndani ya ukuta yanakosa pa kutokea, mwisho uso wa tofali unabanduka. Wanatumia unga wa oksaidi ya chuma, ndugu wa ile oksaidi nyekundu iliyotiwa kwenye sakafu za saruji za bibi zetu, wanauchanganya na maji yenye silikati ambayo yanaingia ndani ya tofali na kushikana nalo. Tofali linaendelea kupumua. Na fundi mzuri hapaki ukuta mzima rangi moja, maana hakuna ukuta wa namna hiyo. Anatengeneza rangi nne au tano, anagusa tofali hili, anaruka lile, anarudi nyuma hatua kumi, anatazama, anasubiri likauke kwa sababu tofali likilowa hudanganya, linaonekana jeusi kuliko lilivyo. Nikamkumbuka yule wetu akirudi nyuma kila mara. Jicho alikuwa nalo. Alichokosa ni gundi.

Lakini siyo kila mtu anakubali kuficha. Edinburgh, mji ambao Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu kuanzia 1949 hadi 1952, ulikuwa mweusi kwa moshi kiasi kwamba Waskoti wenyewe waliupa jina la utani, Mzee wa Moshi. (Msinielewe vibaya, watu wa Kilimanjaro.) Katikati yake kuna mnara mrefu wa kumkumbuka mwandishi Walter Scott, mita 61, wa jiwe la mchanga, umekuwa mweusi tii. Kuna kitu kinanifurahisha kwa mji kumjengea mwandishi mnara mrefu kiasi hicho, ila hiyo ni mada nyingine. Miaka ya 1990 walijadili kuuosha. Wakafanya majaribio, wakaona dawa na maji vitalimega jiwe lenyewe, wakaamua kuuacha na weusi wake. Palipovunjika waliweka mawe mapya kutoka Binny, machimbo yale yale ya mwanzo. Ukiutazama leo unaona viraka hivyo vyeupe waziwazi, kila mtu anajua ni lipi la zamani na ni lipi la juzi.

Nikamsimulia mama yote haya nilipokwenda nyumbani. Tulikuwa tumekaa uani, yeye anachambua mboga. Nikamweleza kuhusu Downing na Okey, akasikitika, akasema, "Mtu aliyekulisha." Nikamweleza kuhusu namba 10 kuoshwa na kupakwa, hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Sasa ulitaka wageni wawaulize kila siku?" Nikamwambia mjini sasa naweza kupata oksaidi nyeusi na dawa ya kushikisha, nikiitafuta vizuri. Naweza kuja na rafiki mmoja, tukafanya kazi siku mbili, mlango usionekane tena.

Alinyamaza kwa muda. Akaniuliza inauzwaje. Nikamtajia. Akasema hizo ni hela za kununua mabati ya jikoni, na kwamba Baba Mdogo mwenyewe siku hizi akija akikaa barazani huegemea pale pale.

Nikaenda mbele kuangalia. Ile nyekundu si nyekundu tena kama nilivyokuwa naikumbuka. Imepoa. Vumbi la barabara limeingia, na juu, karibu na paa, moshi wa jikoni umeanza kuifikia, tofali tatu za mwanzo nilizihesabu, zimeshakuwa kahawia. Kwa mwendo huo nadhani itachukua miaka 30 hivi, kama hawatahamia kwenye gesi.